Wenye Ruhusa ya Kusema: Kumuse na Kejeli za Tohara Bungoma na Kitale

Mzee wa Kibukusu akifa akiwa ameacha wajukuu, kuna asubuhi moja baada ya mazishi ambapo hakuna mtu anayekatiza uwanja wa boma lake. Waombolezaji huketi pande mbili na kuacha njia ndefu katikati. Njia hiyo ni ya mtu mmoja. Huja amejitanda ngozi, fimbo mkononi, akaanza kuipima kwa miguu: anakwenda hadi mwisho, anageuka, anarudi, mara kwa madaha, mara mbio, mara anasimama ghafla mbele ya watu na kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Akishaanza kusema hajibiwi na mtu, awe mwana wa marehemu, chifu, mchungaji au mbunge aliyefika na msafara wa magari.

Shughuli hiyo huitwa khuswala kumuse. Mara nyingi hufanyika siku ya tatu baada ya mazishi, na haifanyiwi kila marehemu. Ni heshima ya mzee aliyekamilika: aliyetahiriwa, akaoa, akazaa, akawaona watoto wa watoto wake. Wala si kila mwenye ulimi mwepesi anayeruhusiwa kuiongoza. Kumuse hukaa katika koo fulani, mzee akimwachia mwana au mjukuu, na Wabukusu wengi huamini kwamba anayeivamia bila kuirithi hujitakia balaa.

Msemaji huanza mbali kabisa. Hutaja Misri, ambako masimulizi ya Wabukusu husema ndiko walikotoka. Hutaja safari ndefu za mababu hadi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao wao huuita Masaba. Hupitia vita, koo na marika, na watu walio mbele yake hujisikia wakitajwa mmoja baada ya mwingine. Kisha hushuka hadi kwenye kaburi ambalo udongo wake bado ni mbichi. Kama marehemu alikuwa mkarimu, atasema. Kama alikuwa mchoyo, au aliwatenga watoto wa mke mdogo, au aliuza shamba kwa siri, hilo nalo litasemwa, mbele ya wajane na wakwe. Halafu huwageukia walio hai: ndugu wanaogombea mpaka, vijana walioikabidhi nguvu yao kwa chupa, jirani ambaye tayari ameanza kunong'ona kwamba kifo hiki kina mkono wa mtu. Huwakumbusha kwamba kifo kilikuwepo kabla ya marehemu, na huwakataza wasiitane wachawi. Katikati ya hayo huingiza utani, na waombolezaji wanaofuta machozi hujikuta wakicheka.

Makala haya yanahusu ruhusa hiyo. Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, kama jamii nyingine chache duniani, walitambua zamani kwamba kuna ukweli ambao ndugu hawezi kumwambia ndugu yake, na mtoto hawezi kumwambia baba yake, bila kubomoa nyumba. Wakatenga watu wa kuusema, wakatenga na siku zake. Naamini huo ni mmojawapo wa urithi mkubwa wa magharibi mwa Kenya, na kwamba tunauacha uyeyuke mbele ya macho yetu.

Mfano unaojulikana sana wa ruhusa ya namna hii uko mbali na Bungoma, katika jangwa la kaskazini-mashariki mwa Arizona, Marekani. Huko Wahopi, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanaishi katika vijiji vilivyojengwa juu na chini ya miinuko mitatu ya mawe. Kimojawapo, Oraibi, kimekaliwa na watu kwa karibu miaka 900 mfululizo. Wahopi wanaamini kwamba roho ziitwazo katsina, miongoni mwao roho za waliotangulia, hukaa kwenye milima ya San Francisco karibu na mji wa Flagstaff, na kwamba kwa nusu ya mwaka huteremka vijijini kuleta mvua na kuotesha mahindi. Wanaume waliovaa vinyago huzicheza uwanjani, kuanzia majira ya baridi hadi Julai, zinapoagwa na kurudi mlimani. Watoto hupewa sanamu ndogo za mti ili wazijue sura za roho hizo. Wakifikia umri wa kuingizwa katika siri, huchapwa viboko vya mmea wa jangwani, kisha huonyeshwa kwamba nyuma ya kinyago alikuwa mjomba au baba.

Katikati ya ngoma hizo tukufu huingia wachekeshaji. Hushuka kutoka juu ya paa, wengine kichwa kikitangulia chini, wakifanya kila kitu kinyume. Hula kwa pupa, hutukana, huiga watu wanaojulikana kijijini, huwadhihaki watalii na wamisionari. Wapo wanaoitwa koyemsi, wenye vichwa vya nguo iliyopakwa matope mekundu. Umati hucheka hadi kushika mbavu. Kisha katsina wapiganaji huja mara moja, mbili, tatu, wakiwaonya, na mwisho huwakamata, huwachapa na kuwamwagia maji. Waliocheza upumbavu wa watu wote wanaadhibiwa mbele ya watu wote, na kutakaswa. Mhopi akitazama anajiona mwenyewe: hivi ndivyo tulivyo tukiishi bila adabu.

Nani Afrika Mashariki anaweza kudai kuwa hajui jambo hili? Wasomaji wa Tanzania wataukumbuka utani mara moja. Katika misiba ya jamii nyingi za huko, mtani huingia kaburini akalala na kukataa kutoka mpaka alipwe, huiga mwendo na sauti ya marehemu, na huwakejeli wafiwa huku akiwa ndiye anayefanya kazi nyingi za mazishi. Mwaka 1944 mtafiti R. E. Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, na baada yake wasomi wa Dar es Salaam waliendelea kuuchimba. Mchekeshaji wa Kihopi na mtani wa Kitanzania hutenda kosa ili lionekane. Mzee wa kumuse halitendi, hulisema. Lakini wote watatu wamepewa kinga ileile: hakuna anayeweza kuwashtaki kwa walichofanya siku hiyo.

Wabukusu nao wana upande wa vicheko vya matusi, ila hauko msibani. Uko kwenye tohara, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili.

Masimulizi ya asili ya tohara hiyo yanamhusu Mango, mtu wa ukoo wa Bakhurarwa. Joka lililoitwa Yabebe lilikaa pangoni na kuangamiza watu na mifugo, na mtoto wa Mango alikuwa miongoni mwa walioliwa. Mango alisubiri joka litoke, akaingia pangoni akajificha na upanga wake. Liliporudi na kuingiza kichwa, alikikata. Kichwa, wasimulizi husema, kiliruka kikauma mti, na mti ukakauka palepale. Majirani zao wa jamii ya Kikalenjini, ambao Wabukusu waliwaita Barwa, walikuwa wameteswa na joka lilelile. Kwa shukrani wakakubali kumtahiri Mango na kumpa mke. Wimbo wa Sioyaye, ambao huimbwa mtahiriwa akiletwa nyumbani kutoka mtoni, unahusishwa na siku hiyo ya Mango, na hadi leo anayeuimba ni mwanamume aliyetahiriwa.

Tangu hapo, kila tohara imeingizwa katika rika lenye jina. Marika ni manane: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikewi, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Yakiisha huanza upya, na mzunguko mzima huchukua takriban karne moja. Vijana waliokatwa kati ya 2012 na 2022 ni Bakikwameti, na tohara ya 2024 ilifungua Bakananachi. Mara ya mwisho jina hilo kutumika kwa vijana, Kitale, huko Trans Nzoia, ulikuwa mji mchanga wa walowezi na reli ilikuwa ndiyo kwanza inaufikia. Kwa hiyo mzee anapotaja rika lake, amekwisha kueleza umri wake na wenziwe, watu ambao hata akiwa na miaka 80 wanaweza kumwambia lolote.

Kwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, mvulana hutembea kwa jamaa zake akiwaalika. Mikononi ana njuga za chuma ziitwazo chinyimba, ambazo huzigonga kwenye bangili zake za chuma kwa mdundo usiokatika. Nyuma yake kuna umati, na mbele ya umati kuna mwimbishaji. Huyu ndiye ndugu wa karibu zaidi wa mchekeshaji wa Kihopi niliyepata kumwona magharibi mwa Kenya. Anatunga papo hapo. Aliyeiba kuku wa shule anaimbwa. Mzee aliyemfukuza mkewe anaimbwa akiwa amesimama hapohapo mlangoni. Diwani aliyeahidi daraja na asirudi anaimbwa kwa jina lake na la baba yake. Viungo vya mwili ambavyo kwa siku nyingine havitajwi mbele ya mama mkwe hutajwa kwa sauti kubwa, na mama mkwe mwenyewe huitikia kiitikio. Wanawake wana ruhusa hiyo sawa na wanaume, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba beti kali zaidi mara nyingi hutoka kwao, kwa sababu wao ndio wenye mengi ambayo mwaka mzima hawakuyasema.

Kejeli kubwa, hata hivyo, humwangukia mvulana. Nyimbo humwita mwoga. Humwambia kama anaogopa kisu, aende akaishi kwa majirani wasiotahiri. Akifika kwa mjomba wake, ambaye ni ndugu wa mama, hapokewi kwa kukumbatiwa. Mjomba humfokea, humuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba yeye ni mwanamume, na wengine huongeza na kofi. Baada ya dhoruba hiyo ndipo mjomba huchinja fahali na kumvisha shingoni luliki, kipande cha nyama ya kidari kilichokatwa kwa umbo la pete. Mvulana huondoka nacho kikining'inia kifuani, mafuta yakimchuruzika, watu wote njiani wakijua kwamba upande wa mama umemkubali.

Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni. Anavuliwa nguo na kupakwa matope baridi mwili mzima, na kichwani, juu ya bonge la matope, husimikwa unyasi mmoja. Hurudishwa kwa njia tofauti na ile aliyoendea, Sioyaye ikivuma. Nyumbani husimama wima, macho juu, na hapaswi kupepesa. Mtahiri, omukhebi, hufanya kazi yake kwa sekunde chache. Umati uliokuwa ukitukana usiku kucha huwa kimya kabisa, mpaka filimbi ilie na wanawake wapige vigelegele. Kuanzia dakika hiyo matusi juu ya mvulana hukoma. Hakuna tena mwenye haki ya kumwita mwoga.

Matope ya koyemsi na matope ya mtahiriwa wa Bungoma hayana undugu wa damu, wala sidai kwamba kuna mtu aliyevuka bahari kuyapeleka. Ninachosema ni kwamba watu waliokaa chini ya milima miwili tofauti walifikia hukumu moja: kicheko kilichowekewa muda na mpaka kinaweza kumtengeneza mtu. Kuna hata wenye vinyago karibu na nyumbani. Watiriki wa Hamisi, kaunti ya Vihiga, huwaweka vijana wao faraghani katika misitu mitakatifu, na vijana hao hutoka kucheza wakiwa wamefunikwa nyuso ili mama zao wasiwatambue. Walter Sangree aliandika kuhusu maisha ya Watiriki katika kitabu alichochapisha mwaka 1966. Tofauti ni kwamba kwa Watiriki mengi ni siri, na kwa Wabukusu kisu huonwa na kila mtu, hadi mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mwaka 1895 una jambo la kushangaza kwa anayelinganisha jamii hizi mbili. Januari ya mwaka huo, wanaume 19 wa Kihopi kutoka Oraibi walifungwa katika gereza la kisiwa cha Alcatraz, California, kwa sababu walikataa amri za serikali ya Marekani kuhusu shule na mashamba. Mwaka huohuo, Waingereza chini ya Charles Hobley, wakiwa na askari wa Kisudani na washirika wa Kiafrika, waliwashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Ukienda Webuye leo, kilima cha Chetambe bado kinaonekana, na mzee wa kumuse anapotaja vita vya mababu, hapo hapakosi.

Baada ya bunduki zikaja amri juu ya ngoma. Marekani, idara ya serikali iliyowasimamia wenyeji wa asili ilitoa waraka mwaka 1921 wa kuzibana ngoma zao, na wachekeshaji wa Kihopi walikuwa miongoni mwa waliolalamikiwa sana, kwamba ni wachafu wa matendo na maneno. Upande wetu, wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, wakaenea hadi Bubukusu, nchi ya Wabukusu, na Wakatoliki nao wakaja. Waumini wengi walifundishwa kwamba nyimbo za tohara ni uchafu na kwamba matambiko kwa mababu ni ushetani. Familia nyingi za Kikristo zikaanza kuwapeleka watoto hospitalini kimyakimya. Sitawalaumu kwa kuogopa damu na vidonda. Lakini walipouondoa wimbo, waliondoa pia siku pekee ambayo mke wa mtu aliweza kumwimbia mumewe aliyempiga, mumewe akalazimika kusimama na kusikiliza.

Kisha akaja Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili. Alikuwa mwanasoka hodari aliyepata kuichezea Kenya. Katika miaka ya 1940 aliongoza Dini ya Msambwa, iliyowataka watu wairudie imani ya mababu na kuwaambia Wazungu wafunge virago. Wafuasi wake waliutazama Mlima Elgon kama mahali patakatifu. Masinde alisema waziwazi yaliyokuwa mioyoni mwa wengi, lakini aliyasema nje ya siku zilizotengwa na mbele ya dola isiyotambua ruhusa ya aina yoyote. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi wakaua 11. Dini ikapigwa marufuku na Masinde akahamishiwa mbali na kwao. Alifariki mwaka 1987, na serikali huru nayo ilikuwa imemfunga zaidi ya mara moja. Ukitaka kuona tofauti kati ya jamii yenye nafasi ya mkosoaji na utawala usio nayo, huhitaji ushahidi zaidi ya huo: kwa Wabukusu msema kweli hupewa njia katikati ya uwanja, kwa wakoloni alipewa kitanda Mathari.

Kumuse na nyimbo za tohara hazikubaki Bungoma. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, na Wabukusu waliingia huko kama vibarua na maskwota katika mashamba ya mahindi na ng'ombe. Baada ya uhuru walirudi kama wenye hatimiliki, kupitia skimu za serikali na vyama vya kununua ardhi, na jina la mwanasiasa Masinde Muliro halitengani na historia hiyo. Walihama na mazishi yao. Kaburi la mzee katika shamba lililokuwa la Mzungu, na kumuse ikisemwa juu yake, ndilo lililofanya ardhi ile iwe kwao. Mtu akizikwa Kitale na msemaji akamhesabia koo zake pale, watoto wake hawana tena sababu ya kusema kwao ni Bungoma tu. Na si ajabu kwamba eneo hilo limetoa wanasiasa waliosifika kwa ulimi, Muliro mwenyewe na Michael Wamalwa Kijana, makamu wa rais aliyefariki Agosti 2003 na kuzikwa Kitale. Walikulia mahali ambapo kusema vizuri mbele ya kaburi ni daraja la juu kuliko utajiri.

Katika kizazi cha karibuni hakuna msemaji wa kumuse aliyejulikana kuliko Mzee John Wanyonyi Manguliechi. Wasomi wa fasihi simulizi walimfuata na kumrekodi, na kwa njia hiyo sanaa iliyokuwa ya uwanja wa matanga ikaingia vyuo vikuu. Ukimfikiria kama mwanafasihi, na ndivyo anavyostahili, alikuwa mtunzi asiyeandika, mwenye maelfu ya majina ya watu na koo kichwani, aliyeweza kuishikilia hadhira ya mamia ya watu kwa saa kadhaa juani bila karatasi.

Mengi yamebadilika, na mengine kwa heri. Watahiri sasa hutakiwa kutumia kisu kimoja kwa kila mvulana, na wazazi wengi huchanganya: matope na Sioyaye nyumbani, daktari kwa kazi yenyewe. Maisha ya watoto yameokolewa hivyo, na hakuna mzee wa maana anayelalamika. Mwaka 2020, korona ilipozuia mikusanyiko, wapo waliotahiriwa bila umati, na rika likaendelea.

Yanayonitia hofu ni mengine. Disko matanga imechukua usiku ambao zamani ulikuwa wa masimulizi, na spika zake hazimpi mzee nafasi hata ya kukohoa. Mbaya zaidi ni siasa. Kenya hupiga kura Agosti ya kila mwaka wa tano, na mwaka 2022 uchaguzi uliangukia mwaka wa tohara. Wimbo uliotungwa kumsuta diwani sasa hununuliwa na diwani, waimbishaji wakapewa fulana na nauli, na kejeli ikageuzwa impige mpinzani peke yake. Msibani ni hivyohivyo. Mwanasiasa hupewa kipaza sauti kwanza, huzungumza mpaka jua linakuwa la utosi, na mzee wa kumuse aliyealikwa hubanwa dakika chache, akitarajiwa amsifu mgeni aliyeleta mchango. Kumuse yenye kusifu tu imekufa, hata kama ngozi na fimbo vipo.

Wahopi wamekutana na shida inayofanana na hii, na walijibu kwa kufunga milango. Vijiji vyao vilikuwa vimekataza picha tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1992, baada ya jarida la vibonzo la kampuni ya Marvel kuwachora katsina kama majambazi, vijiji kadhaa vilizuia wageni kuhudhuria ngoma. Mwaka 2013 vinyago vyao vitakatifu viliuzwa kwa mnada mjini Paris licha ya maombi yao, na Desemba mwaka huo taasisi ya Annenberg ikanunua 24 kati ya vitu vilivyokuwa vikinadiwa, ili virudishwe kwa wenyewe. Wamijikenda wa pwani yetu wanayajua machungu hayo. Vigango vyao, nguzo za mti za kuwakumbuka marehemu, viliibwa vikauzwa ng'ambo, na ni baada ya miaka mingi ambapo jumba la makumbusho la Denver liliamua kurudisha 30.

Kumuse haiwezi kuibwa kwa lori, maana haina mti wala kinyago. Ikipotea, itapotea kwa mzee kufa kabla mjukuu hajaketi naye. Kitale ina jumba la makumbusho kongwe, lililoanzishwa na Luteni Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926 kwa ajili ya vipepeo, ndege na vitu alivyokusanya, na sasa lina mfano wa boma la Kiluhya uani. Wanafunzi huja kwa mabasi kulitazama. Boma hilo ni zuri, ila limekaa kimya, na watoto wanaondoka bila kusikia sauti ya mtu mmoja akipima njia na kuhesabu koo.

Basi naomba mambo matatu kwa watu watatu. Enyi wenye matanga, mkimwalika mzee wa kumuse, mpeni asubuhi yake yote, na mwanasiasa asubiri aitwe. Wasomi wa vyuo vikuu vya Kibabii na Masinde Muliro, nendeni na vinasa sauti kabla ya tohara ijayo, mwombe idhini ya koo zenyewe, na nakala ya kwanza iwe ya familia. Na wewe kijana wa rika la Bakananachi, kama babu yako ana kumuse na hujamuuliza alirithi kwa nani, muulize mwezi huu.